Bi Bana na wazee wanaomdanganya kwa kalamu moja

"Sibani tena! Umenisikia, mama? Sibani!"

"Shemeji, punguza sauti. Jengo zima linakusikia."

"Lisikie! Kwani nyinyi mkihesabu kule zahanati huwa mnanong'ona?"

Ni saa mbili na robo asubuhi, na kwenye ngazi za ghorofa ya pili ugomvi umeshakolea. Juu kidogo amesimama mwanamke mfupi aliyevaa sare ya bluu ya zahanati, mfuko wa plastiki mkononi, kiti cha kukunja begani. Mbele yake, mlangoni, amesimama mzee mrefu wa miaka sabini na moja aliyevaa fulana ya ndani, kashika kitasa kana kwamba mlango utamkimbia. Milango miwili ya majirani imefunguka upana wa jicho.

Mwanamke huyo ni Bi Bana. Jina hilo si la kuzaliwa, amebandikwa na mtaa. Watoto wanamwita hivyo, muuza duka anamwita hivyo, hata mkuu wake wa kazi aliwahi kuliandika kwenye barua rasmi kabla hajashtuka akalifuta. Mzee ni jirani yake wa ghorofa moja chini, aliyeendesha malori ya safari ndefu kwa miaka ishirini na tisa, na mpaka leo jina lake ni Dereva. Mkewe na Bi Bana wanaitana dada. Kwa hiyo Dereva ni shemeji, na ndiyo maana wanaweza kupigiana kelele namna hii asubuhi na jioni wakaazimana chumvi.

"Leo ndiyo wiki ya kumi na mbili," anasema Bi Bana. "Umebakiza siku moja tu. Moja!"

"Moja ya nini? Ya kuchekwa?" Kisha Dereva anainamisha kichwa, na ile sauti iliyokuwa inatikisa ngazi inakuwa ya mtu anayeongea na kitasa. "Leo alfajiri tena. Sikufika mlango wa choo."

Bi Bana ananyoosha mkono.

"Basi nipe karatasi zako," anasema.

"Hizo nitakupa kwa furaha!" Dereva anaingia ndani, anatoka na bunda la karatasi zilizokunjwa mara nne, anamsukumia mkononi. "Kila siku nimeandika. Kila siku! Sikuruka hata moja. Kawafungie maandazi."

Mlango unafungwa. Bi Bana anazitumbukiza karatasi kwenye mfuko bila kuzitazama na kuanza kushuka, huku akizisimulia ngazi: "Watu wazima hawa! Ningefuga mbuzi, saa hizi ningekuwa nimeshastaafu."

Kwa maneno ya zahanati, Bi Bana ni msaidizi wa tiba kwa mazoezi. Anawafundisha wazee kuimarisha misuli ya sakafu ya nyonga, ile iliyo chini kabisa ya kiwiliwili, inayobeba kibofu na kuziba njia za haja. Kwa maneno yake mwenyewe, kazi yake ni "kuwafundisha watu kucheka bila kukimbilia chooni."

Ana miaka hamsini na saba. Miaka kumi na saba ya mwanzo alifanya kazi wodi ya wazazi, akiwa msaidizi wa wauguzi. Huko, anasema, ndiko alikoanza kukasirika, na hasira hiyo hajaimaliza.

"Mwanamke anajifungua, anapewa mtoto, anapewa karatasi ya chanjo, kwaheri. Hakuna aliyemwambia kwamba kuna misuli imevutika huko chini na inataka kurudishwa. Baada ya miaka ishirini anarudi, sasa ni bibi, anamsindikiza binti yake kujifungua. Ukimwambia kaa, hakai. Anasimama ukutani siku nzima. Mimi najua kwa nini hakai, na yeye anajua kwamba najua. Tunaangaliana tu. Upuuzi mtupu!"

Hasira nyingine ni ya nyumbani. Mama yake aliacha kwenda kwenye harusi za ndugu alipofika miaka sitini. Kila mwaliko alikuwa na sababu: mara kichwa, mara miguu, mara hana nguo. Ndugu wakasema ana maringo. Shangazi mmoja alimnunia mpaka kaburini.

"Nilikuja kujua tulipokuwa tunapanga vitu vyake baada ya msiba," anasema Bi Bana. "Chini ya godoro kulikuwa na vitambaa, vimefuliwa, vimekunjwa vizuri kama vya mtoto mchanga. Mama wa watu hakuwa na maringo. Alikuwa na kibofu."

Ndipo alipoomba kwenda kusomea mazoezi ya tiba, kozi ya miezi sita, akiwa mkubwa kuliko walimu wake wawili.

Zahanati anayofanyia kazi ni ya vyumba saba. Mwaka huu, baada ya kusumbuliwa kwa muda mrefu, mkuu wa zahanati alimpa chumba cha nyuma kila Alhamisi, kwa sharti. Wapatikane wazee wanane watakaomaliza wiki kumi na mbili, kila mmoja na karatasi zake alizojaza kila siku. Wakifika wanane, chumba ni chake. Wasipofika, kitawekwa maboksi ya dripu na glavu, ambayo sasa yamepangwa kwenye korido na wagonjwa wanayakalia.

Walianza kumi na wanne, wote wameshaonwa na daktari kwanza ili kuhakikisha hakuna ugonjwa mwingine uliojificha. Bi Bana anaweza kukutajia kila aliyeondoka na sababu yake, na kila sababu anaitaja akiwa amefumba macho kama mtu anayeng'olewa jino.

"Wawili waliona nafuu wiki ya nne wakaacha, kana kwamba ni dawa ya kikohozi. Mmoja alisema mwanawe amemkataza, mwanawe mwenyewe ana miaka kumi na tisa. Mmoja alitaka kidonge. Mmoja alihama. Na mmoja, huyo nitamkumbuka, aliniambia mazoezi gani haya, hata jasho halitoki."

Kumi na wanne ukitoa sita wanabaki wanane. Wa nane ni Dereva.

Dereva alikuja kwa sababu moja. Mtoto wake wa kiume anaishi mji mwingine, mwendo wa saa sita kwa basi, na huko amezaliwa mjukuu wa kwanza. Mjukuu ana miezi mitano sasa. Mkewe Dereva ameshafunga begi mara mbili, na mara mbili amelifungua, kwa sababu mumewe kila tarehe ikikaribia anazua jambo: barabara mbaya, kiuno, mvua.

"Mtu aliyevuka mipaka minne na lori," mkewe alimwambia Bi Bana siku alipopanda juu kuomba msaada, "leo ananiambia anaogopa mvua."

*

Saa nne kamili darasa linaanza. Chumba kina dirisha moja, viti saba vya plastiki na kile kimoja cha kukunja ambacho Bi Bana hukibeba kutoka nyumbani. Leo kiti cha kukunja, kile cha karibu na mlango, kiko wazi.

"Dereva hatumwoni?" anauliza Mama Sufuria, mwanamke wa miaka sitini na sita aliyepikia bweni la shule kwa miaka mingi na kunyanyua masufuria yanayohitaji watu wawili. "Yule ndiye huwa anahesabu kwa nguvu. Bila yeye tutalala."

"Kasusa."

"Kasusa! Mwanamume mzima."

"Na wewe ulisusa wiki ya tatu, usijisahau," anasema Bi Bana. "Haya. Kaeni mbele ya kiti. Miguu chini. Mgongo wima, mabega yashuke. Fikirieni machela imetandikwa huko chini, kutoka mfupa wa mbele mpaka mkiani. Sasa bana nyuma, kama unavyozuia hewa ukiwa mbele ya wakwe."

Kicheko. Kila wiki anasema hivyo na kila wiki wanacheka.

"Ongeza na mbele, kama unazuia mkojo. Vuta juu, machela ipande. Shikilia! Hesabu!"

"Moja! Mbili! Tatu!" wanaitikia wazee saba, na nje mgonjwa aliyekalia boksi la glavu anageuka kutazama mlango.

"Mwalimu, umekaza makalio. Umepanda kwenye kiti kama umewekewa jeki. Nimesema makalio? Nani kayataja makalio?"

"Samahani," anasema mwalimu mstaafu wa hesabu, miaka sabini na minne, aliyefanyiwa upasuaji wa tezi dume mwaka juzi.

"Tano! Achia. Taratibu. Pumzika mpaka tano, halafu tena. Mara kumi."

Wanahesabu kwa sauti kwa sababu maalumu. Mtu akihesabu kwa sauti hawezi kuzuia pumzi, na mtu anayezuia pumzi anasukuma chini kile kile anachotaka kukipandisha. Majirani wa zahanati hawajui hayo. Wanachosikia kila Alhamisi ni wazee waliojifungia chumbani na mwanamke anayewaamrisha wabane na waachie, kisha wanatoka wakitabasamu. Yaliyosemwa mtaani wiki ya kwanza hayaandikiki gazetini.

Baada ya mazoezi ni ukaguzi wa karatasi, sehemu ambayo Bi Bana anaichukia na haachi kuifanya. Kila karatasi ina mistari mitatu kwa siku, asubuhi, mchana na jioni, na kila mstari mtu anatakiwa aandike amebana na kuachia mara ngapi.

Anaishika ya Mwalimu, anaisogeza dirishani, anaigeuza.

"Mwalimu."

"Naam."

"Wino mmoja. Mkono mmoja. Kumi, kumi, kumi, mwezi mzima, zimesimama kama askari. Hii umeijaza jana."

"Hapana, si jana."

"Umejaza na Jumapili. Jumapili gani hii? Hii haijafika!"

"Nilikuwa naandaa mapema."

"Na hapa pembeni umejiandikia 'Vizuri sana'!"

Mama Sufuria anacheka mpaka anashika kiti cha mbele yake. Halafu anasimama ghafla, anainua kidole. "Subirini. Mmeona? Nimecheka. Nimebana, nimecheka, niko hapa hapa. Miezi mitatu nyuma ningekuwa nimeshafika korido."

Bi Bana anafuta kitu kwenye jicho kwa nyuma ya mkono na kuirudia karatasi kwa ukali. "Mwalimu, sema ukweli. Kwa siku mara ngapi?"

"Asubuhi kila siku. Jioni nikikumbuka. Mchana, hapana."

"Andika hivyo hivyo. Mbele yangu. Na usiku unaamka mara ngapi sasa?"

"Zilikuwa tano. Sasa mbili."

"Na huku umedanganya nusu! Ungefanya zote ungekuwa unalala kama gogo. Mnaniua nyinyi. Mnaniua taratibu."

*

Saa sita wazee wameondoka. Bi Bana anapanga karatasi juu ya meza ili mkuu aje kuzihesabu. Saba, na ya Dereva nane. Anaitoa ya Dereva mfukoni, anainyoosha kwa kiganja, na kwa mara ya kwanza katika wiki kumi na mbili anaisoma.

Hakuna kumi, kumi, kumi. Kalamu zimebadilika, nyeusi, bluu, penseli, mahali pengine pana tone la chai. Ni karatasi ya mtu aliyeandika kila siku kweli. Lakini palipotakiwa kuandikwa mara ngapi, Dereva ameandika muda.

"Saa tatu na nusu. Sikusimama."

"Saa nne na dakika ishirini. Sikusimama. Maji: hapana."

"Saa tano kamili."

Wiki ya saba: "Leo saa sita. Ningefika."

Wiki ya kumi: "Inatoka hata nikiwa nimebana. Nabana tu."

Bi Bana anakaa kwenye kiti cha kukunja.

Miaka ishirini na tisa barabarani, kubana kwa Dereva kulikuwa ni kazi. Ukisimama, umepitwa kwenye foleni ya mpakani, au umeacha mzigo peke yake gizani. Alipofika darasani akaambiwa abane, akaona hilo analiweza, alilifanya tangu ujana. Akawa anabana kutwa: akila amebana, akisikiliza redio amebana, maji hanywi, chooni haendi. Alikuwa anajipima kwa ajili ya lile basi la mwendo wa saa sita. Sehemu ya kuachia, ambayo ni nusu ya zoezi, hakuifanya hata siku moja. Misuli iliyobanwa kutwa nzima inachoka kama mkono ulioshikilia ndoo, na jioni haina nguvu ya kushika chochote.

Na Alhamisi zote hizo alikuwa hapo, karibu na mlango, akihesabu kwa nguvu kuliko wote.

"Misuli hiyo haionekani kwa macho," anasema Bi Bana. "Nikisema achia, nani anajua nani kaachia? Nilimwona anapaza sauti, nikasema huyu ndiye mwanafunzi wangu. Karatasi yake naiona imejaa, naipita, nakimbilia kumfokea Mwalimu. Wiki kumi na mbili nimesoma karatasi za waongo tu. Mtu mmoja kaniandikia ukweli, sikumsoma."

Mkuu wa zahanati anaingia akiwa na kalamu sikioni. Ni mtu mwenye haraka, na karatasi huzihesabu kama anavyohesabu maboksi, kwa kuzigusa kona.

"Moja, mbili, tatu… nane. Haya, mama, hongera."

"Ni saba," anasema Bi Bana, na kuichomoa moja.

"Kwani hiyo haijajazwa?"

"Imejazwa."

"Kila siku?"

"Kila siku."

"Basi ni nane."

"Si nane. Huyu hajafanya zoezi hata siku moja. Kafanya kinyume chake siku themanini na nne, na kosa ni langu, sikumkagua."

Mkuu anatoa kalamu sikioni, anairudisha. "Mama, nisaidie nikuelewe. Miezi sita umenisumbua unataka chumba. Nakupa chumba. Sasa hukitaki?"

"Nakitaka kuliko wewe unavyotaka kuondoka hapa. Lakini nikimhesabu huyu, ataandikwa kwenye faili kwamba amemaliza na hajapata nafuu. Akirudi hapa, mtaangalia faili na kumwambia ndiyo basi, avae nepi. Mtu ambaye hajaanza! Na huko mtaani atawaambia wazee wote kwamba haya mambo ni bure, tena kwa ushahidi."

"Saba si nane," anasema mkuu.

"Hesabu najua."

"Maboksi yanaingia Jumatatu."

Anatoka. Bi Bana anakikunja kiti chake kwa kishindo kinachosikika mpaka dirisha la dawa. "Nilitaka kumrushia," anakiri. "Si yeye. Mtu yeyote. Hata mimi mwenyewe ningetosha."

*

Saa saba na nusu anapanda ngazi za nyumbani akihema, kiti begani, na kugonga mlango wa ghorofa ya pili kwa kisigino cha mkono. Anafungua Dereva mwenyewe. Sasa amevaa shati.

"Umerudi kunicheka?"

"Shemeji, nimesoma karatasi yako."

"Leo?"

"Leo."

"Wiki kumi na mbili naandika kama karani, wewe umesoma leo!"

"Nimekosa. Unataka nipige magoti? Ngazi hizi zina mchanga. Niambie, mara ya mwisho kwenda chooni lini?"

Dereva anatazama dari. "Alfajiri."

"Alfajiri! Nenda."

"Sina haja."

"Nenda chooni, mzee, kabla sijapiga yowe!"

Anaenda. Anakaa huko muda mrefu, na akirudi uso wake una haya na nafuu kwa pamoja. Bi Bana ameshakunjua kiti pale pale kibarazani, mbele ya mlango. Anamwonyesha akalie.

"Bana kama siku zote. Hesabu mpaka tano. Kwa sauti."

"Moja, mbili, tatu, nne, tano."

"Achia."

"Nimeachia."

"Hujaachia. Mabega yako yako masikioni, na taya umeibana kama unavuta kamba. Achia, shemeji. Hapa hakuna foleni ya mpakani. Hakuna mzigo. Hakuna anayekupita."

Dereva anavuta pumzi, anaitoa. Mabega yanashuka kidogo. Yanashuka tena. Halafu kitu kingine kinashuka, kisichoonekana, na mzee anashika pande zote za kiti.

"Alaa," anasema.

"Ndiyo hiyo."

"Hiyo? Hiyo si ndiyo kuvuja yenyewe?"

"Umevuja?"

Dereva anajisikiliza. "Hapana."

"Basi. Pumzika mpaka tano. Ukishapumzika ndipo utakuwa na kitu cha kubania. Mara kumi, mara tatu kwa siku, na katikati usiibane, iache ipumzike. Maji unakunywa. Chooni unaenda kama binadamu. Tunaanza upya wiki ya kwanza."

"Wiki ya kwanza!" Dereva anataka kuinuka. "Miezi mingine mitatu? Mtoto atakuwa anatembea!"

"Mtoto utamwona kabla. Hakuna aliyesema ukae saa sita bila kushuka. Unamwambia dereva wa basi asimame."

"Dereva gani anasimama?"

"Wewe ndiye ulikuwa husimami. Wenzako wanasimama."

Dereva anafikiri. "Abiria wangu walikuwa magunia," anasema mwishowe. "Gunia haliombi kushuka." Kisha anakumbuka jambo. "Na kile chumba? Uliniambia bila mimi hamfiki wanane."

"Chumba kimekwenda. Jumatatu kinawekwa glavu."

"Kwa ajili yangu?"

"Kwa ajili ya uvivu wangu wa kusoma. Usijipe ukubwa."

Alhamisi ijayo, anasema Bi Bana, darasa lipo, glavu zitake zisitake. Wale saba anataka waendelee mara moja kwa siku, maana misuli hiyo ukiiacha inarudi ilikotoka. Na anataka wapya, na safari hii karatasi zote atazisoma, za waongo na za wakweli. Mama Sufuria ameahidi kuleta wawili. Mahali hana bado. Amefikiria ngazi hizi hizi, saa nne, watu wakiwa makazini. Kila mtu na daraja lake, yeye asimame chini awaone wote.

"Ngazini?" Sauti inatoka ndani. Mkewe Dereva amesimama nyuma ya pazia, mwiko mkononi, na inaelekea amekuwapo tangu ile alfajiri ilipotajwa. "Yule mwalimu mwenye magoti yale umkalishe ngazini? Dada, una wazimu? Sebule ina kazi gani?"

"Sebule yangu?" Dereva anageuka na kiti chake. "Waje watu saba kuhesabu kwenye sebule yangu?"

"Wewe endelea kuachia," anasema mkewe.

"Dada, tutagombana kila Alhamisi na huyu," anasema Bi Bana. "Leo tu nimeshachoka. Ngoja nipande nikalale."

"Ulale na njaa? Tangu asubuhi umekula nini, hasira?" Mkewe Dereva anasogeza pazia lote pembeni, na harufu ya vitunguu inatoka mpaka ngazini. "Kunjeni hicho kiti mwingie ndani, chakula kiko mezani. Mtamalizia kugombana mkishashiba."